Kutulia na Bosi: shajara ya mradi wa uzingativu

Mpango

Mradi wenyewe ni mdogo. Kila siku nataka kipindi kimoja ambacho mimi na mbwa wangu Bosi tunakuwa mahali pamoja kwa mwili na kwa akili. Kwa mwili tuko pamoja karibu muda wote. Kwa akili, yeye yuko kwenye nyasi na mimi niko kwenye simu, au kwenye maneno niliyoambiwa juzi kazini, au kwenye jibu zuri lililonijia nikiwa nimeshachelewa kulitoa.

Mfano nimeuchukua kwa Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya uzingativu kwa wagonjwa katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Mafunzo yake huchukua wiki 8, nami nimeazima hizo 8. Nguzo zake nazo nimeziazima: unaelekeza fikira kwa makusudi, kwenye jambo linalotokea sasa hivi, bila kulihukumu. Katika mafunzo yale kuna zoezi maarufu la zabibu kavu. Mtu huishika zabibu moja, huitazama, huinusa, huisikiliza hata, kabla ya kuila polepole. Hilo tumeliacha kabisa. Zabibu ni sumu kwa mbwa, na Bosi hana subira na kitu cha kuliwa kilicho mkononi mwa mtu.

Sharti la msingi ni kwamba Bosi ana ruhusa ya kuondoka wakati wowote. Simfungi, simshiki, simwiti arudi. Akiondoka, kipindi kimekwisha kwa upande wake na mimi naendelea peke yangu.

Nitaandika alichofanya yeye na kilichopita kichwani mwangu. Sitatumia programu ya simu ya kunihesabia siku. Simu ndiyo ninayoikimbia.

Wiki ya kwanza: pumzi

Nimeanza na jambo jepesi kuliko yote, kuhesabu pumzi za Bosi akiwa amelala. Mbwa mwenye afya aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 10 na 30 hivi kwa dakika. Akiwa usingizini na hesabu ikawa inazidi 30 siku baada ya siku, hilo ni la kumpelekea daktari wa mifugo. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kiafya ya kuijua hesabu yake ya kawaida. Unatazama ubavu: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Unahesabu kwa nusu dakika, unazidisha mara mbili.

Zoezi la afya limegeuka kuwa zoezi lenyewe. Anayejaribu kutazama pumzi yake mwenyewe hukutana na kero inayojulikana na kila aliyewahi kuketi kimya: ukishaiangalia tu, unaanza kuiendesha. Pumzi inakuwa kazi. Unavuta kwa nguvu, unajiuliza kama unavuta sawasawa, kifua kinabana. Pumzi ya Bosi siwezi kuiendesha. Inakwenda kwa mwendo wake wala haina habari kwamba natazama. Fikira zangu zimepata pa kutua pasipo mimi kuharibu kitu.

Hutoroka, bila shaka. Nafika nne, tano, halafu nashtukia niko katikati ya ugomvi na mtu ambaye hata hayumo chumbani. Narudi ubavuni. Kuna pumzi zinazokuja kwa mkupuo wakati wa ndoto: ubavu unadunda, miguu inatikisika, midomo inatetemeka kwa mbweko usiotoka, kisha kila kitu kinashuka. Zinavuruga hesabu, lakini sikuona la kukasirikia. Jioni moja nilijikuta nimeacha kuhesabu na bado natazama.

Kwa anayetaka kujaribu: mbwa anayehema mdomo wazi usimhesabu. Kuhema ndiko kunakompoza mwili, maana jasho lake ni kidogo mno na hutoka kwenye nyayo. Ngoja afunge mdomo.

Wiki ya pili: kuketi

Mtu mzima akiketi sakafuni, Bosi huelewa kwamba mchezo umeanza. Nikikunja miguu, analeta kamba yake ya kuvutana na kuitupa mapajani mwangu. Nikifumba macho, ananilamba sikio. Miongozo ya kutafakari niliyoisoma haina kifungu kuhusu ulimi sikioni.

Nimehamisha saa. Badala ya kuketi kabla ya matembezi, tunaketi baada ya matembezi, akiwa ameshajisaidia na kunywa maji. Tandiko lake liko umbali wa mkono kutoka kwangu. Na simwambii "lala". Namngoja. Akilala kwa hiari yake, naweka punje moja ya chakula chake sakafuni, katikati ya miguu yake ya mbele, taratibu, bila neno. Akiinuka, hakuna kinachotokea. Hapati karipio wala sifa.

Wazo nimelitoa kwa Karen Overall, daktari wa mifugo wa Marekani aliyebobea katika tabia. Ana mpangilio wa siku 15 wa kumfundisha mbwa kutulia huku mwenye mbwa akifanya mambo ya ajabu zaidi na zaidi: anarudi hatua nyuma, anapiga makofi, anakimbia papo hapo, anatoka chumbani, anabisha mlango. Sikuufuata wote. Nilichochukua ni kwamba kutulia ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa kwa hatua ndogo. Kumwambia mbwa "tulia!" kwa sauti ya juu hakumfundishi chochote isipokuwa kwamba sauti yako inaweza kupanda.

Muhimu ni kutofautisha mbwa anayetii na mbwa aliyetulia. Mbwa anaweza kulala chini kwa kutii huku mwili mzima uko tayari kuruka: miguu ya nyuma imekunjwa chini yake sawasawa, kichwa kiko juu, masikio yamesimama. Aliyetulia hulaza nyonga upande mmoja, kidevu hushuka sakafuni, na ngozi ya paji la uso hulegea. Punje zangu zinakwenda kwa mkao wa pili tu. Mwanzoni nilikuwa nauona ukiwa umeshapita, kwa sababu nilikuwa nimefumba macho nikijaribu kuwa mtu wa kutafakari. Sasa naketi macho wazi, nikiutazama ule upande wa nyonga. Kuvizia nyonga ya mbwa ilale ni kazi isiyoruhusu kuwaza bili.

Siku mbili hizi za mwisho amelala kabla sijaketi.

Wiki ya tatu na ya nne: matembezi ya pua

Hapa ndipo mradi uliponinogea.

Vifaa: kamba ndefu ya mita tano hivi, na mkanda wa kifuani badala ya kola, ili shingo yake isibanwe akivuta. Simu imebaki nyumbani. Kanuni: Bosi ndiye anayeongoza, mwendo na njia ni vyake, ila barabara ya magari naiamua mimi. Hatuna mahali pa kufika. Kwa muda ambao zamani tulikuwa tunamaliza mzunguko mzima, sasa pengine hatuvuki uzio wa jirani wa pili.

Ukimwacha mbwa anuse mpaka amalize, unagundua kwamba huwa anamaliza. Mimi nilidhani atanusa bila mwisho kama nisipomvuta. Kumbe kila harufu ina mwanzo, kati na hatima. Anafika akiwa na haraka, pua juu juu. Kisha anapapata, anapunguza mwendo, pua inashuka hadi kugusa jani, na unaanza kusikia ile sauti fupifupi ya kunusa. Kisha anabaki palepale kwa muda. Halafu anainua kichwa, mara nyingine anapiga chafya au anajikung'uta, na anaondoka. Nikimvuta kabla ya hapo, anageuka kutazama nyuma.

Nimesoma kidogo juu ya pua hiyo, na kusoma kumenisaidia kungoja. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. Yetu ina milioni 5 au 6. Akiwa kazini hunusa mara tano hivi kwa sekunde. Hewa anayoitoa haipigi mbele ikapeperusha harufu anayoichunguza. Hutokea kwenye mipasuko ya pembeni mwa pua. Ndani nako hewa hugawanyika: sehemu kubwa huenda mapafuni, sehemu ndogo huingia eneo la nyuma lililotengwa kwa kunusa tu, ikakaa huko. Ukimtazama puani kwa karibu unaiona ile mipasuko ikifunguka na kufunga. Nimeitazama mara nyingi, nimechuchumaa kando ya njia, na wapita njia wameniuliza kama nimepoteza kitu.

Mimi nafanya nini wakati yeye ananusa? Swali hili lilinisumbua siku za kwanza, maana kusimama kando ya nguzo bila simu ni upweke wa aina yake. Nimejipa nanga mbili. Ya kwanza ni nyayo zangu: uzito uko kisigino au vidoleni? Ya pili ni mkono ulioshika kamba. Kamba husema mengi. Ikilegea nahisi uzito wake tu, ikikaza nahisi mwelekeo, na nimegundua kwamba mara nyingi mkono wangu ndio unaokaza kwanza, kabla hata sijajua kwamba nataka kuondoka. Neno "twende" hufika kiwikoni kabla ya kufika mdomoni.

Kwa hiyo zoezi la wiki hizi limekuwa hilo "twende". Linapokuja, silitamki. Nalitazama: liko wapi mwilini, lina nguvu kiasi gani, linadumu muda gani. Huanza kifuani, linapanda, na kama sikulitii linashuka lenyewe, mara nyingi kabla Bosi hajainua kichwa. Nilikuwa naliita haraka. Nikilikagua naona hakuna ninachokiwahi.

Kuna utafiti ninaoupenda kuhusu jambo hili. Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz, mwaka 2019, waligawa mbwa wa nyumbani makundi mawili. Kwa wiki mbili kundi moja lilifanya mazoezi ya kutafuta kwa pua, jingine mazoezi ya kutembea kando ya mguu wa mwenye mbwa. Kabla na baada, kila mbwa aliwekewa bakuli mahali pasipoeleweka, katikati ya pale ambapo huwa na chakula na pale ambapo huwa tupu, wakapima anaendea kwa kasi gani. Mbwa waliofanya kazi ya pua waliharakisha kuliko mwanzo, yaani walitarajia mema. Waliofunzwa kutembea kwa adabu hawakubadilika. Siuchukui utafiti mmoja kuwa sheria, na Bosi lazima ajue kutembea kwa adabu penye watu. Lakini kama kuna muda wa tembezi moja tu kwa siku, siku hizi nampa pua yake.

Wiki ya tano: siku mbaya

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Sababu ni ya kazini na haina nafasi humu. Nikaketi sakafuni saa ileile ya kawaida kwa ukaidi, nikisema hii ndiyo siku ambayo zoezi linahitajika zaidi.

Bosi hakuja kwenye tandiko. Alisimama mlangoni. Alijilamba pua mara mbili tatu, akageuza kichwa pembeni, akapiga mwayo mrefu. Nikamwita kwa upole, au kwa kile nilichodhani ni upole. Alikuja nusu ya njia, akanusa sakafu mahali pasipo na kitu, akaenda kulala chumba kingine.

Mkufunzi wa Norway aitwaye Turid Rugaas ndiye aliyezifanya ishara hizi zijulikane kwa wafugaji wengi: kujilamba pua, kugeuza kichwa, kupiga miayo, kunusa ardhi ghafla, kutembea polepole. Mbwa huzitumia kwa wenzake na kwa watu pale mambo yanapokuwa mazito. Miayo ya mbwa si lazima iwe usingizi. Inategemea nini kimetokea kabla yake.

Alijuaje? Uso, sauti, namna nilivyoweka mkoba. Huenda pia harufu. Mwaka 2022 Clara Wilson na wenzake wa Queen's University Belfast walichukua sampuli za pumzi na jasho za watu kabla na baada ya kufanyishwa hesabu ngumu za haraka, wakawapa mbwa waliofunzwa wazinuse. Mbwa waliweza kutofautisha sampuli ya mtu aliyebanwa na ya mtu huyohuyo akiwa ametulia, kwa usahihi mkubwa. Na kule Sweden, watafiti wa Linköping walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye nywele za watu na za mbwa wao, jozi 58, wakachapisha mwaka 2019: viwango vya muda mrefu vilikuwa vikipanda na kushuka pamoja. Watafiti wenyewe walielekea kuona kwamba mbwa ndiye anayemfuata mtu.

Habari hizi zinaweza kumfanya mtu ajilaumu kila anapokuwa na msongo, nami sioni faida ya hilo. Nilichokifanya ni kuongeza hatua moja ndogo. Kabla ya kufungua mlango wa nyumba nasimama, natoa pumzi ndefu mara kadhaa, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, ndipo nashika kitasa. Bosi yuko upande wa pili anasikia yote hayo na anakwaruza mlango. Naye anajifunza kungoja, kidogo.

Wiki ya tano, mwisho wake: kusoma daftari upya

Mdogo wangu amekuja kututembelea, akalikuta daftari mezani, akasoma kwa sauti akicheka. "Dada, eti 'Bosi amenuna.' 'Bosi leo ana majivuno.' 'Bosi anajuta.' Huyu ni mbwa au ni shemeji?"

Alicheka yeye, lakini nililala nikiliwazia. Nguzo ya tatu niliyoiandika kwenye mpango ni kutohukumu, na daftari zima limejaa hukumu. Mawazo yangu mwenyewe nimejifunza kuyatazama bila kuyatungia hadithi. Bosi namtungia hadithi kila ukurasa.

Hilo la kujuta lina utafiti wake, na ni wa Horowitz yuleyule, mwaka 2009. Wenye mbwa walikataza mbwa wasile kitafunwa, wakatoka chumbani. Waliporudi waliambiwa kama mbwa amekula au hajala, na mara nyingine waliambiwa uongo. Ule uso wa "nimekosa", masikio nyuma, macho chini, mkia umekunjwa, haukufuata kosa. Ulifuata karipio. Mbwa asiyekula chochote akikaripiwa aliuonyesha sawa na mkosaji, hata zaidi.

Kwa hiyo nimebadili namna ya kuandika. "Amenuna" limekuwa "amelala akitazama ukuta, masikio yamelegea". "Ana majivuno" limekuwa "amepita mbele yangu bila kusimama, mkia juu". "Ananipenda leo" limekuwa "ameweka kidevu juu ya mguu wangu, akatoa pumzi kwa nguvu puani". Kazi hii ni ngumu kuliko kuketi. Neno la hukumu huja lenyewe, linajiandika. Maelezo ya mwili inabidi uyatafute, na kuyatafuta kunakulazimu utazame tena. Mara nyingi nikitazama tena naona kitu ambacho hadithi yangu ilikifunika. Siku niliyotaka kuandika "mvivu leo" niliona anaanza kuinuka kwa mguu mmoja wa nyuma, mwingine ukifuata kwa kuchelewa. Daktari wa mifugo alimkuta na mwiba mdogo katikati ya vidole.

Nimejaribu pia kutazama mkia. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa anapomwona mtu anayemfuga hutikisa mkia ukiegemea zaidi kulia kwake, na anapomwona mbwa mgeni mwenye ubabe huegemea kushoto. Wao walikuwa na kamera. Mimi na macho yangu nimeona mkia tu.

Wiki ya sita: kugusa

Kumpapasa mbwa huku unatazama kitu kingine ni rahisi mno. Mkono hujiendesha wenyewe. Zoezi la wiki hii ni kumpapasa kwa fikira zote. Kiganja kinatua kifuani au ubavuni, kinakwenda na mwelekeo wa manyoya, polepole kiasi cha kuhisi pale manyoya yanapobadilika kuwa laini, pale joto linapozidi. Mwili wa mbwa una joto la nyuzi 38 hadi 39 hivi, juu kidogo ya letu, na kiganja kinalihisi mara moja kikitulia.

Kisha naondoa mkono. Hapa ndipo penye uzito. Baada ya sekunde chache za kupapasa naacha na kungoja. Akisogea, akinisukuma kwa pua, au akiinua mguu, naendelea. Akibaki alivyo au akijikung'uta na kuondoka, basi. Nilikuwa na hakika Bosi anapenda kupapaswa kichwani. Kwa kipimo hiki hapendi, kichwani hunivumilia. Kifuani na chini ya shingo ndiko anakorudi kudai zaidi. Miaka yote hiyo alikuwa ananijibu na sikuuliza.

Johannes Odendaal na Roy Meintjes wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2003 vipimo vya damu vya watu na mbwa waliokaa pamoja kwa utulivu wakipapasana: shinikizo la damu lilishuka na oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu, ilipanda, kwa mtu na kwa mbwa pia. Mwaka 2015 Miho Nagasawa na wenzake wa Japani wakaonyesha kwamba mbwa na mtu anayemfuga wakitazamana kwa muda, oksitosini hupanda kwa wote wawili. Mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hayo.

Lakini wasomaji wenye mbwa wapya wasikimbilie kumkodolea mbwa macho. Kumtazama mbwa usoni bila kupepesa ni tishio katika lugha yake, na kwa mbwa asiyekujua ni hatari. Namngoja Bosi anitazame yeye kwanza. Akinitazama macho yamelegea, nampepesea polepole, natazama pembeni, narudi. Akitazama huku weupe wa jicho unaonekana pembeni, nasogea nyuma.

Na hapa niseme la moyoni kuhusu zile picha za mbwa waliosimamishwa kwa miguu ya nyuma wakishikwa mikono, eti wanafanya yoga na mwenyewe. Tazama mdomo: umefungwa kwa kukaza. Tazama masikio. Mbwa aliyeganda hapigani, na kwa asiyejua kutazama hufanana sana na mbwa aliyetulia.

Wiki ya saba: masikio

Fupi, kwa sababu mvua imetuchukulia siku nyingi.

Masikio ya Bosi nayatumia kama kengele ya zoezi. Sikio lake likigeuka, naacha ninachofanya na kutafuta sauti. Mbwa husikia hadi mitetemo 45,000 hivi kwa sekunde, sisi mwisho wetu ni 20,000, na hata hiyo hupungua na umri. Kwa hiyo mara nyingi natafuta na sipati. Nilidhani kukosa huko kutanikera. Kumbe kule kutega sikio kwenyewe kunatosha: kwa muda mfupi hakuna neno kichwani, kuna kusubiri tu.

Ngurumo ni jambo jingine. Radi ilipopiga karibu, Bosi alitetemeka, akahema, akajaribu kuingia nyuma ya kabati. Mazoezi yetu hayakusaidia chochote na sikuyalazimisha. Nilifunga pazia, nikamwachia kona yake ya giza, nikaketi karibu bila kumgusa mpaka aliponijia mwenyewe. Hofu ya namna hii ina matibabu, na daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa. Uzingativu haukuahidi kuondoa radi, wala mimi simwahidi Bosi hivyo.

Wiki ya nane: hali ilivyo

Kilichobaki: pumzi za usiku, karibu kila siku. Matembezi ya pua, kila tunapokuwa na muda wa kutosha. Kusimama mlangoni. Kuandika mwili badala ya hadithi.

Kilichokufa: kuketi rasmi kwa saa maalumu. Bosi sasa hulala kwenye tandiko lake wakati wowote ninapoketi sakafuni, hata nikiwa natafuta hereni iliyoanguka, kwa hiyo lile la kumfundisha limefika. Upande wangu nimeona kwamba saa maalumu ilinifanya nitazame saa.

Usingizini pumzi zake ni zilezile za wiki ya kwanza. Sikutegemea zibadilike, alikuwa mzima tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba kwenye matembezi hugeuka kunitazama mara kwa mara bila kuitwa, kisha hurudi kwenye harufu yake. Na mimi mkono wangu wa kamba umelegea. Kipi kilitangulia, daftari halionyeshi.

Wiki ijayo nasafiri na Bosi atabaki na mdogo wangu. Nimemwandikia maagizo: kamba ndefu, mkanda wa kifuani, asimvute kabla hajainua kichwa, zabibu na chokoleti zisikae chini, mvua ikinguruma amwachie kona yake.

"Kwa hiyo kazi yangu ni kumfuata tu?"

"Ndiyo. Na kuandika kwenye daftari."

Leo mdogo wangu amekaa na Bosi kwa majaribio, akanitumia picha ya ukurasa. Kuna mstari mmoja: *Bosi ananidharau.*

Nimempigia. "Amefanya nini hasa?"

"Amelala amenipa mgongo, dada. Tangu saa mbili."

"Umbali gani?"

"Mgongo uko juu ya mguu wangu. Mguu umekufa ganzi."

"Nyonga je? Imelala upande?"

Kimya kidogo, anatazama. "Imelala upande."

"Basi andika hivyo."